Nyumba Reading, Uingereza: fleti niliyonunua na teresi niliyoiacha

Mzee wa Kennet (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki napata ujumbe wa watu watatu, wanne, swali lilelile: "Kaka, hapo Reading nyumba ni bei gani?" Wengine wako London, kodi imewachosha. Wengine wamepata kazi Royal Berkshire Hospital au kwenye makampuni ya kompyuta ya Thames Valley Park. Wengine bado wako Dar, hata viza haijatoka. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja. Mods, msiunganishe na nyuzi nyingine.

Jibu langu ni kwamba swali lenyewe ni bovu. Ni sawa na kuuliza gari Tanzania ni bei gani. Gari lipi? Reading ina masoko manne ya nyumba yanayoishi mji mmoja bila kusalimiana. Moja likipanda, jingine linaweza kukaa palepale miaka minane. Najua kwa sababu nimelala kwenye hilo lililokaa palepale.

Mwaka 2016 mimi na mama watoto tulikuwa na kianzio mkononi na nyumba mbili za kuchagua. Ya kwanza teresi ya zamani (nyumba ya kwenye safu, imebanana na za jirani ukuta kwa ukuta) kule Newtown: vyumba viwili, mlango wa mbele ukifungua tu uko barabarani, bafu liko chini nyuma ya jiko, na ukuta wa sebuleni una doa la unyevu lenye umbo la Ziwa Victoria. Pauni 282,000. Ya pili fleti mpya kabisa karibu na mto Kennet, ghorofa ya tatu, jiko linang'aa, lifti, geti la kubofya namba. Pauni 285,000. Mke wangu akasema tuchukue ya zamani. Mimi nikasema sikutoka Morogoro kuja kununua nyumba ya fangasi. Nikashinda.

2024 tumeuza ile fleti pauni 270,000. Teresi, na Ziwa Victoria lake, iliuzwa mwaka huohuo 345,000. Wala sikuhadithiwa na dalali. Karibu kila nyumba iliyouzwa England na Wales tangu 1995, bei yake iko wazi Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi. Unaandika mtaa, unaona. Aliyeangalia kwanza ni mke wangu. Hakusema kitu, alinitumia tu picha ya skrini nikiwa kazini.

Nitaendelea baada ya chakula.

SitiYaMbele

Nimevuta kiti. Huyo shemeji picha ya skrini ameiua kweli.

Mzee wa Kennet

Nimerudi. Tuzungumze aina za nyumba.

Reading ya zamani ilikuwa mji wa viwanda: biskuti za Huntley & Palmers, bia ya Simonds, mbegu za Suttons. Wafanyakazi walijengewa safu za nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, ndizo tunazoita teresi. Newtown ilikua pembeni ya kiwanda cha biskuti. Nyingine ziko Katesgrove na kuelekea Oxford Road. Utazijua kwa matofali: mekundu, yamechanganywa na ya kijivu na ya njano kwa mapambo. Udongo wa huku ulikuwa mzuri kwa matofali na mafundi walijionyesha. Kiwanda cha biskuti kiliacha kuoka miaka ya 70, nyumba zimebaki. Ndogo, baridi, hazina maegesho. Lakini ardhi ni yako, dari unaweza kuligeuza chumba, na hakuna mtu anayeweza kujenga teresi nyingine ya mwaka 1890. Ukitembea unafika stesheni.

Halafu kuna semi, yaani nyumba pacha, mbili zinashirikiana ukuta mmoja. Tilehurst na Earley zimejaa za miaka ya 1930, dirisha la mbele limebinuka kama tumbo, bustani ndefu nyuma, gari linalala ndani. Hizi ndizo familia zinazipigania.

Nyumba za kusimama peke yake, za vyumba vinne, ziko Caversham ng'ambo ya mto Thames, hasa kule juu kilimani, na nyingine nyingi mpyampya kiasi ziko Lower Earley, mtaa mkubwa ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 70. Hapo mfuko uwe umeshiba.

Na fleti. Reading imejenga fleti kama uyoga: kando ya mito, karibu na stesheni, Kennet Island kule upande wa uwanja wa mpira (palikuwa na mitambo ya maji taka, wazee wa Whitley watakusimulia ile harufu), Green Park Village. Na kuna aina ya fleti ambayo nawaomba muiogope: ofisi iliyogeuzwa. Tangu 2013 serikali iliruhusu wenye ofisi kuzigeuza makazi bila kupitia kibali kamili cha ujenzi. Mpaka sheria ilipobanwa Aprili 2021, watu waligawa vyumba vidogo mno. Siku hizi fleti ya mtu mmoja iliyogeuzwa kwa njia hiyo lazima ifike mita za mraba 37. Zile za zamani zenye mita 22 au 25 bado ziko sokoni, bei inavutia, halafu unaenda benki unaambiwa hawakopeshi nyumba ndogo hivyo. Maana yake hata wewe ukitaka kuuza, utamtafuta mnunuzi mwenye fedha taslimu.

Kwa matangazo ninayoyapitia (sasa imekuwa ugonjwa, mke wangu atathibitisha), fleti ya vyumba viwili katikati ya mji utaikuta 230,000 hadi 290,000, teresi ya vyumba viwili 320,000 hadi 370,000, semi ya vyumba vitatu Tilehurst 400,000 na ushee. Caversham ya peke yake, siandiki, nitaharibu siku ya mtu.

Mkikuyu wa Tilehurst

Mzee umeongea ukweli, lakini ongeza hii. Watu wakisoma "bei ya wastani ya Reading" kwenye magazeti hawajui mpaka wa kaunsili, yaani halmashauri, unapita wapi. Earley, Lower Earley na Woodley ziko chini ya Wokingham. Kipande cha Tilehurst na Calcot yote ziko West Berkshire. Anwani inasema Reading, basi la abiria ni lile la Reading, lakini takwimu ziko kwingine. Ukitoa semi zote hizo na majumba yote hayo, Reading ya kitakwimu inabaki na fleti na teresi nyingi, halafu mtu anasema "kumbe Reading si ghali vile." Anakuja na bibi na watoto watatu, anataka semi, anashtuka.

Ukivuka mpaka, kodi ya kaunsili na shule pia zinabadilika. Mimi nilihama mita mia nne tu na kila kitu kikabadilika isipokuwa jirani, yule alinifuata.

Nesi wa Shifti

Kaka Mzee wa Kennet, shikamoo. Nimesoma yote, ila nina ubishi kidogo.

Mimi ni nesi, shifti ya usiku natoka saa mbili asubuhi. Naishi fleti ya kupanga dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka hospitali. Sina gari, sina mume wa kupanda ngazi kurekebisha paa, na bustani sitaki, nililima vya kutosha nikiwa mdogo Lushoto. Sasa fleti ina ubaya gani kwangu? Kila mtu humu anaongea kama nyumba ni ya kuuza tu. Mimi nataka kulala.

Pili, swali. Nina nyumba Mbezi, nimepangisha, na pagale moja Kibaha halijaezekwa. Nikinunua hapa nahesabiwa mnunuzi wa mara ya kwanza? Mwenzangu kazini ananiambia nyumba ya Afrika haiwahusu.

Mzee wa Kennet

Marahaba dada. Kwenye kulala umenishinda, sina jibu. Fleti yangu ilikuwa na joto zuri na sikuwahi kusikia jirani. Ningekuwa nimenunua ile iliyokwishaisha upya wake, ya mwaka 2003 tuseme, nadhani nisingelia. Kilichoniumiza ni kununua "mpya". Nyumba mpya ni kama gari jipya, ukitoka nayo dukani tayari imeshuka. Na enzi zile kulikuwa na mpango wa serikali wa Help to Buy, serikali inakukopesha hadi asilimia 20 ya bei kwa nyumba mpya tu. Mpango ulifungwa Machi 2023. Wanunuzi walipewa fedha ya kununua kitu kimoja, wauzaji nao si wajinga.

Swali la pili namwachia mwenye taaluma. Bi Hesabu uko wapi?

Bi Hesabu

Nipo. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa kuhamisha miliki, kwa hiyo nisomeni polepole.

Dada Nesi, mwenzako wa kazini amekudanganya, japo kwa nia njema. Kwenye ushuru wa stempu wa England, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, mnunuzi wa mara ya kwanza ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya makazi popote duniani. Mbezi ni duniani. Hata uliyorithishwa na marehemu baba inahesabiwa.

Tuchukue nyumba ya pauni 340,000 kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025:

Asiyewahi kumiliki nyumba popote halipi kitu mpaka 300,000, halafu asilimia 5 ya zilizobaki. Atalipa pauni 2,000.

Aliyewahi kumiliki lakini sasa hana nyingine: 125,000 za kwanza bure, 125,000 zinazofuata asilimia 2, zilizobaki asilimia 5. Jumla pauni 7,000.

Mwenye nyumba nyingine anayoendelea kumiliki popote duniani, na sehemu yake ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi: hesabu ya hapo juu, kisha asilimia 5 ya bei nzima inaongezwa. Pauni 24,000.

Hiyo asilimia 5 ya nyongeza ilikuwa 3 mpaka Oktoba 2024. Anayenunua akiwa haishi Uingereza anaongezewa asilimia 2 nyingine juu yake, kwa hiyo ndugu wa Dar na Muscat mnaotaka "kuwekeza" mzisome hizo namba mara mbili.

Kiwanja kitupu si nyumba. Pagale ni jambo la kumuuliza wakili wako, kwa sababu sheria inaitazama pia nyumba iliyo katikati ya kujengwa. Ukiwa na mume, nyumba yake inaangaliwa pamoja na yako. Na tafadhali, usimwambie wakili kwamba huna kitu halafu kila mwezi akaunti yako inapokea kodi ya mpangaji wa Mbezi. Fedha za kianzio lazima uonyeshe zilikotoka, taarifa za benki tunazisoma mstari kwa mstari.

Nesi wa Shifti

Pauni 24,000. Nimekaa chini kwanza.

Bi Hesabu

Pole mpenzi. Na kama una ile akaunti ya akiba ya Lifetime ISA, ambayo serikali inakuongezea asilimia 25 ya unachoweka, mpaka pauni 1,000 kwa mwaka, nayo ina sharti lilelile la kutowahi kumiliki nyumba popote duniani. Ukitoa fedha bila kutimiza masharti unakatwa asilimia 25 ya unachotoa, ambayo ni zaidi ya kile ulichoongezewa. Piga hesabu mwenyewe: umeweka 4,000, zimekuwa 5,000, umekatwa 1,250, unabaki na 3,750.

Kigamboni Kwetu

Nyie watu mnachekesha. Pauni laki tatu na arobaini ni zaidi ya shilingi bilioni moja. BILIONI. Kwa vyumba viwili na bafu nyuma ya jiko! Kwa hela hiyo hapa Kigamboni najenga ghorofa, nachimba kisima, nafuga mbuzi na chenji inabaki.

Mkikuyu wa Tilehurst

Ndugu, hiyo bilioni hakuna aliye nayo. Ni ya benki. Nyumbani ulijenga miaka tisa, tofali kwa tofali, kila bonasi mfuko wa saruji. Hapa nililipa asilimia kumi, nikaingia na sufuria zangu siku hiyohiyo. Nikikaa kwa kupanga nalipa rehani ya mwenye nyumba badala ya yangu. Mbuzi tutafuga tukistaafu.

Mzee wa Kennet

Kigamboni umeniwahi, maana nilikuwa nakuja kwenye suala la benki. Hapo ndipo mwenendo wa bei unapoeleweka.

Anayenunua hapa hanunui bei, ananunua malipo ya mwezi. Chukua mkopo wa pauni 270,000 wa miaka 30. Riba ikiwa asilimia 1.6, unalipa kama pauni 945 kwa mwezi. Ikiwa 5.5, unalipa 1,533. Nyumba ileile, doa lilelile la ukutani.

Sasa tazama. Baada ya mtikisiko wa 2008 bei zilianguka, Benki Kuu ikashusha riba yake hadi 0.5% mwaka 2009 na ikakaa chini miaka na miaka. Watu wakakopa. Machi 2014 ikatangazwa kwamba treni mpya ya kupasua London, ambayo leo ni Elizabeth line, italetwa mpaka Reading. Stesheni yetu nayo ilifunguliwa upya na Malkia Julai mwaka huohuo. Bei zikapanda treni kabla ya treni kufika! Sisi tulionunua 2016 tulilipia nauli ya gari moshi ambalo lilianza kupita moja kwa moja Novemba 2022. Na mpaka leo anayewahi kazi Paddington anapanda ile ya mwendo kasi, dakika ishirini na tano hivi. Elizabeth line inasimama vituo vingi, ni ya wenye kitabu cha kusoma njiani.

2017 ukatokea moto wa Grenfell, jengo refu la fleti London, watu 72 wakafariki. Mungu awarehemu. Baada ya hapo kila jengo refu likaanza kuulizwa limevalishwa nini kuta zake. Benki zikadai cheti cha ukuta, watu wenye fleti wakakwama miaka bila kuuza. Jengo letu lilikuwa salama, lakini kupata karatasi ya kusema hivyo kulichukua miezi kumi na minne. Mnunuzi wetu wa kwanza hakusubiri.

2020 korona: kila mtu akataka bustani na chumba cha kufanyia kazi, ushuru wa stempu ukasimamishwa hadi pauni 500,000, semi za Tilehurst zikaruka. Fleti hazikuruka, nani alitaka lifti ya kushirikiana wakati ule? Kisha Septemba 2022 bajeti ndogo ya Liz Truss, waziri mkuu wa wakati ule, na waziri wake wa fedha Kwarteng, mikopo ikaondolewa sokoni ndani ya siku chache, riba ya mkopo isiyobadilika kwa miaka miwili ikavuka asilimia 6. Riba ya Benki Kuu, iliyokuwa 0.1% mpaka katikati ya Desemba 2021, ikafika 5.25% Agosti 2023. Ilianza kushuka polepole Agosti 2024, Desemba 2025 ilifika 3.75%. Bei tangu hapo zinasogea kwa kunyata. Lakini mishahara na bei za vitu vimepanda, kwa hiyo nyumba iliyobaki bei ileile kwa kweli imeshuka. Ndiyo hasara yangu ya kweli, si hizo elfu kumi na tano. Pauni 270,000 za mwaka 2024 zinanunua vitu vichache sana kuliko 285,000 za 2016.

Na sijataja ada ya huduma. Tulianza na pauni 1,400 kwa mwaka, tukaondoka inadai 3,300. Lifti, bima ya jengo, mtu wa kufagia ambaye sikuwahi kumwona.

MpembaHalisi

Assalaam alaykum. Mimi hayo ya riba yananikwaza tangu mwanzo wa uzi. Sisi tusiotaka riba tufe kwa kupanga?

Bi Hesabu

Waalaykum salaam. Hapana shekhe. Kuna benki za Kiislamu zinazofanya kazi hapa kihalali. Kwa kawaida benki inanunua nyumba pamoja na wewe, unakaa ndani, unailipa kodi kwa sehemu yake, na kila mwezi unanunua kipande kidogo cha hisa zake mpaka nyumba inakuwa yako. Zamani ushuru wa stempu ulikuwa unatozwa mara mbili, benki inaponunua na wewe unapohamishiwa. Hilo liliondolewa mwaka 2003. Kianzio chao mara nyingi ni kikubwa na malipo ya mwezi hayapungui yale ya benki za kawaida. Uhalali wake kifikihi waulize masheikh, mimi ni wa makaratasi.

Fundi Bomba

Natengeneza maboila na mabomba mji huu mwaka wa kumi na moja. Nimeingia teresi nyingi kuliko msikiti na kanisa.

Mnaosifu teresi, sikilizeni. Kuta zake nyingi hazina uwazi katikati, tofali moja kwa moja, kwa hiyo joto linakimbia nje na unyevu unaingia ndani. Ukiona wamepaka rangi mpya ukuta mmoja tu wa sebule, weka mkono. Ukiona kabati limesukumwa kona ya nje, lisogeze, usione aibu. Bafu la nyuma ya jiko mara nyingi ni la kuongezwa, ukuta mwembamba, bomba zinaganda. Tazama paa la vigae vya mawe kutoka ng'ambo ya barabara, si kutoka chini yake. Kwa nyumba ya umri huo lipia ukaguzi wa daraja la tatu, ule wa kina zaidi, usidanganywe na ile tathmini ya benki. Ile ni ya benki, wewe haikuhusu.

Na Reading ina jambo lake. Chini ya baadhi ya mitaa kuna mashimo ya zamani ya kuchimbia chokaa. Mwaka 2000 ardhi ilititia Field Road, Coley, watu wakahamishwa nyumbani kwao. Wakili akiuliza kama unataka uchunguzi wa migodi ya zamani chini ya nyumba, mwambie ndiyo. Ukinunua Caversham ya chini karibu na Thames, angalia ramani ya mafuriko kabla hujaangalia jiko.

SitiYaMbele

Ziwa Victoria sasa naliheshimu.

Mkikuyu wa Tilehurst

Nyumba za Whitley hamjazitaja. Watu wanaziogopa kwa jina tu. Ni nyumba za kaunsili ambazo wapangaji waliruhusiwa kuzinunua kwa punguzo tangu sheria ya 1980, nyingi sasa ziko mikononi mwa watu binafsi. Vyumba vikubwa, bustani kubwa kuliko zile za Lower Earley, na bei iko chini. Uliza tu imejengwa kwa nini. Kote nchini, baadhi ya nyumba za kaunsili za baada ya vita ziliundwa kwa vipande vya zege la kiwandani na benki nyingi zinazikimbia. Ikiwa ni ya tofali, mimi ningeingia kesho.

Bi Hesabu

Nami niongeze la miliki kisha nikalale. Watanzania hamshangai mkiambiwa ardhi ni ya kukodishwa, kwetu hati ni miaka 33, 66 au 99 na mwenye ardhi ni serikali. Hapa teresi na semi kwa kawaida unamiliki na ardhi moja kwa moja. Fleti ni ya muda, tuseme miaka 125, na mwenye ardhi ni kampuni usiyoijua. Miaka ikishuka chini ya 80, kuiongeza kunakuwa ghali zaidi. Mikataba mipya iliyoandikwa tangu 30 Juni 2022 haitozwi tena kodi ya pango la ardhi, ya zamani bado inatozwa. Kwa hiyo dada Nesi, fleti ukiipenda, kabla ya kutazama dirisha uliza vitu vitatu: imebaki miaka mingapi, ada ya huduma ya miaka mitatu iliyopita, na kuna kazi gani kubwa ya jengo inakuja. Dalali akisema "nitakurudia", umepata jibu.

Hata kwenye mitaa mipya yenye nyumba za kumiliki kabisa, uliza nani anakata nyasi za pamoja na anatoza ngapi. Kuna watu wanalipa kodi ya kaunsili na ada ya mtaa vilevile.

Nesi wa Shifti

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tatu. Nyumba ya Mbezi imethaminiwa, nusu ni ya mdogo wangu kwenye hati, na sehemu yangu imetoka chini kidogo ya pauni 40,000. La pagale bado tunalitafutia maelezo. Wakili anasema likikaa sawa nitalipa kiwango cha kawaida, sio cha 24,000. Nimemwita mdogo wangu jina la mama kwa furaha.

Nimetazama teresi mbili. Fundi Bomba, nilisogeza kabati, nikakuta Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo nimerudi kwenye fleti. Jana nimeona moja nzuri karibu na Kennet, miaka imebaki 114, ghorofa ya tatu, 259,950, muuzaji ana haraka. Jiko safi, ila kuna kigae kimoja juu ya jiko kimewekwa kichwa chini, ua linatazama sakafu. Nimelipenda sana. Nitoe ngapi?

Mzee wa Kennet

Dada, hicho kigae, kiko upande wa kushoto, juu ya swichi?

Nesi wa Shifti

Ndiyo! Umejuaje?

Mzee wa Kennet

Nilikibandika mimi, Krismasi ya 2017. Anza na 245. Na dirisha la chumbani ukilifungua, lisukume kwanza ndani kabla ya kuvuta.